E1 Moja Ni Sawa na Mbps Ngapi za Ethaneti? Mwongozo Kamili wa Kubadili Kasi za Laini za Zamani

Laini ya E1 (laini ya zamani ya kidijitali ya kampuni ya simu, inayobeba simu au data) inakaribia kuzimwa, na fundi wa faiba amesimama mlangoni, iwe ni Njiro au Themi za Arusha au Majengo kule Moshi, anauliza swali moja: "Mnataka Mbps ngapi?", yaani megabiti ngapi kwa sekunde. Wengi hujibu "mbili", kwa sababu E1 imezoeleka kuitwa laini ya "mega mbili". Kwa ofisi inayotuma barua pepe na mafaili makubwa, jibu hilo linakaribia ukweli. Kwa ofisi ambayo E1 yake ilibeba simu 30, jibu hilo ni kosa. Simu zilezile 30 zikihamia kwenye Ethaneti, yaani mtandao wa kawaida wa kompyuta, bila sauti kubanwa zinahitaji karibu Mbps 2.9 kila upande. Ukizisukuma kwenye Mbps 2, simu ya 22 ikiingia tu, wote 22 wataanza kusikia sauti zikikatika, si yule wa mwisho peke yake.

Chanzo cha kosa ni kulinganisha jina la laini na jina la porti (tundu la kifaa). Majina ya laini za simu hutaja kasi yote inayopita kwenye waya, pamoja na biti ambazo mtambo wenyewe unazitumia kujipanga. Majina ya Ethaneti yamehesabiwa kwa njia nyingine, na kila pakiti (kifurushi cha data) inayopita humo hubeba kifungashio chake. Anayenunua viazi kwa gunia anajua kuuliza uzito wa viazi vyenyewe. Hapa pia tunatafuta biti zenye kazi, kisha tunazifunga upya.

Kusanya haya kabla ya kushika kikokotoo

Tafuta mkataba au ankara ya laini ya zamani, uone imeandikwa E1, 2M, 512K, T1 au STM-1. Piga picha porti ya nyuma ya ruta na ya PABX (mtambo wa simu wa ofisi). Chapisha mpangilio wa ruta, hasa sehemu inayotaja nafasi za muda (zamu za laini, kila moja ya simu moja), aina ya ufungashaji (HDLC, PPP, Frame Relay au ATM) na CRC4, ambayo ni ukaguzi wa makosa. Kisha, siku yenye kazi nyingi, soma vihesabio vya porti: biti kwa sekunde na pakiti kwa sekunde, zinazoingia na zinazotoka. Namba hii ya pakiti ndiyo watu wanaipuuza, na ndiyo inayoamua kila kitu huko mbele.

Majina ya zamani na kasi zake halisi

Ngazi nzima imejengwa juu ya simu moja. Sauti ya simu hukatwa ibaki kati ya Hz 300 na Hz 3,400, hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Ukizidisha unapata biti 64,000 kwa sekunde. Hiyo 64 kbps ndiyo tofali, na kuta zote zimepangwa kwa tofali hilo:

- T1 (Marekani na Japani): simu 24, yaani kbps 1,536, pamoja na kbps 8 za kupanga fremu (mzunguko mmoja wa nafasi zote). Jumla kbps 1,544.
- E1 (Ulaya, Afrika na kwingi duniani): nafasi 32 za kbps 64. Jumla kbps 2,048.
- E3: Mbps 34.368, inabeba E1 16.
- T3, au DS3: Mbps 44.736, inabeba T1 28.
- STM-1, ambayo Wamarekani huiita OC-3: Mbps 155.52. Ikigawanywa kwa E1 inabeba 63.
- STM-4 au OC-12: Mbps 622.08.
- STM-16 au OC-48: Mbps 2,488.32.
- STM-64 au OC-192: Mbps 9,953.28.

Tanzania tunatumia familia ya E. T1, DS3 na OC-3 utazikuta kwenye nyaraka za mashirika, hospitali na vituo vya utafiti vyenye wabia Marekani, na Arusha na Moshi hazikosi ofisi za namna hiyo. Usidhani T1 na E1 ni kitu kimoja chenye majina mawili: zinapishana kwa zaidi ya nusu megabiti.

Kuna mtego kwenye namba 2,048. Aliyesoma kompyuta akiiona anafikiria 2 × 1,024 na kusema "kumbe ni mega mbili za kompyuta". Si kweli. Kwenye laini na kwenye Ethaneti, kilo ni 1,000 na mega ni 1,000,000, bila ubishi. E1 ni biti 2,048,000 kwa sekunde kwa sababu ni 32 × 64,000. Ulinganifu wake na 1,024 umetokea tu. Kilo ya 1,024 inahusu ukubwa wa faili unaoonyeshwa na kompyuta yako: E1 kamili ni baiti 256,000 kwa sekunde, na kompyuta itaonyesha kilobaiti 250.

Kwa modemu za zamani, tenganisha bodi na biti. Bodi ni idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde, na badiliko moja linaweza kubeba biti kadhaa. Modemu ya V.32 inakwenda bodi 2,400 lakini inatoa bps 9,600. Na kama kifaa ni cha serio (kinachotuma biti mojamoja kwa kufuatana) chenye mpangilio wa 8N1, kila herufi huchukua biti 10 (8 za herufi, moja ya kuanza na moja ya kusimama), kwa hiyo 9,600 ni herufi 960 kwa sekunde. Mizani za magari na mita nyingi za zamani bado zinazungumza hivyo. Ukiziunganisha kwa kigeuzi cha serio kwenda Ethaneti, kasi ya mtandao haitakusumbua kabisa. Angalia tu bodi na mpangilio wa biti vilingane pande zote mbili.

Hatua ya 1: Toa biti zisizo zako

Katika nafasi 32 za E1, nafasi namba 0 ni ya kupanga fremu. Zinabaki 31, yaani kbps 1,984. Kama laini ilikuwa ya simu, nafasi namba 16 hubeba ishara za kupiga na kukata, zinabaki 30, yaani kbps 1,920. Kuna E1 zisizo na fremu kabisa, ambapo ruta inapata kbps 2,048 zote. Mpangilio wa ruta utakuambia: ukiona nafasi 1-31, tumia 1,984. Ukiona 1-8 tu, una kbps 512, hata kama porti ni ya E1 na mkataba una neno E1 kwenye kichwa cha habari. Ofisi nyingi zililipia sehemu ya E1 bila watumiaji kujua.

Kwa T1 tumia 1,536. Kwa STM-1 iliyounganishwa ruta kwa ruta, biti zenye kazi ni Mbps 149.76. Kwa STM-1 iliyokatwa kuwa E1 63, zidisha 63 × 2.048 upate Mbps 129.024, kisha toa nafasi za kila E1 kama tulivyoeleza.

ADSL (intaneti kupitia waya wa simu) iwekee hesabu yake. Kasi inayoonyeshwa na modemu imejumuisha seli za ATM (vipande vidogo vya data, si mashine ya benki), ambazo kila moja ina baiti 53 na 48 tu ndizo za mzigo. Pakiti ya baiti 1,500 inahitaji seli 32, yaani baiti 1,696 kwenye waya. Kwa hiyo zidisha kasi ya modemu kwa 0.88: modemu ikisema Mbps 8, mzigo wa IP haufiki Mbps 7.1.

Hatua ya 2: Toa kifungashio cha zamani

PPP au HDLC kwenye E1 huongeza takriban baiti 7 kwa kila pakiti. Juu ya hapo, kifaa huchomeka sifuri kila zikifuatana biti tano za 1, ili data isifanane na bendera ya mwanzo wa fremu. Kwa data ya kawaida iliyochanganyika, sifuri hizo hufika moja kwa kila biti 62, yaani asilimia 1.6.

Chukua E1 ya kbps 1,984 iliyojaa pakiti za baiti 1,500. Zidisha kwa 1,500/1,507, kisha gawanya kwa 1.016. Unapata takriban kbps 1,944 za IP. Ukitoa vichwa vya IP na TCP (anwani na maelezo ya kufikisha pakiti), baiti 40 kwa pakiti, mtumiaji anabaki na kbps 1,892, yaani baiti 236,000 kwa sekunde. Faili la megabaiti 700 lilikuwa linachukua dakika 49 na ushee. Aliyekuwa akilalamika kwamba "mega mbili zetu hazifiki mbili" alikuwa anasema kweli, wala hakuibiwa.

Hatua ya 3: Funga upya kwa kifungashio cha Ethaneti

Hapa ndipo penye uzito wote. Kila fremu ya Ethaneti (pakiti ikiwa imefungwa tayari) hubeba vitu vitano visivyo vya mteja: utangulizi wa baiti 8, kichwa cha baiti 14, alama ya kukagua makosa ya baiti 4, na pengo kati ya fremu linalolingana na baiti 12. Jumla 38. Cha tano ni lebo ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao), kama ipo: baiti 4 zaidi, jumla 42. Kanuni ni hii, na inatosha kwa kazi zote zilizobaki:

Kasi ya Ethaneti = pakiti kwa sekunde × (urefu wa pakiti ya IP + 38) × 8

Pakiti ikiwa fupi kuliko baiti 46, ihesabu kama 46, maana Ethaneti hujaza zilizopungua.

Rudi kwenye E1 yetu ya mafaili makubwa. Kbps 1,944 gawanya kwa biti 12,000 za pakiti moja: pakiti 162 kwa sekunde. 162 × 1,538 × 8 ni kama Mbps 1.993. Ndiyo maana nilisema kwa mafaili, jibu la "mbili" linakaribia ukweli.

Sasa jaza E1 hiyohiyo kwa pakiti ndogo za baiti 46. Kwenye PPP kila moja ilichukua baiti 53 na zile sifuri za kuchomeka, kwa hiyo zilipita 4,605 kwa sekunde. Kwenye Ethaneti kila moja inachukua baiti 84. 4,605 × 84 × 8 ni Mbps 3.09. Laini ni ileile, kazi ni ileile, lakini mahitaji yamepanda kwa zaidi ya nusu. Ukiwa na Ethaneti ya Mbps 2, pakiti zinazopita ni 2,976 tu.

Ofisi halisi huwa katikati. Tuseme saa nne asubuhi ruta inaonyesha kbps 1,450 na pakiti 480 kwa sekunde. 1,450,000 ÷ 8 ÷ 480 ni baiti 378 kwa pakiti. Toa nne za kichwa cha laini (zile tatu nyingine kati ya 7 kihesabio kwa kawaida hakizihesabu), zinabaki 374. 480 × (374 + 38) × 8 ni kbps 1,582. Kwa hiyo kila kbps 1 ya zamani imekuwa 1.09, na E1 ya kbps 1,984 ikijaa itahitaji kama Mbps 2.16. Chukua upande ulio mkubwa kati ya kuingia na kutoka. Usijumlishe pande mbili, kwa sababu E1 hutoa kasi yake kamili kila upande kwa wakati mmoja, na Ethaneti ya leo pia.

Simu 30 kwenye laini ya SIP (simu kupitia mtandao wa IP)

Kwenye E1 sauti haina kifungashio. Kila simu ina nafasi yake, inaingia na kutoka kwa zamu, mara 8,000 kwa sekunde. Kwenye IP sauti ya G.711, yaani isiyobanwa, hukusanywa kwa milisekunde 20, zinapatikana baiti 160, kisha zinavishwa vichwa vya kusafirishia: RTP baiti 12, UDP 8 na IP 20. Pakiti ni baiti 200, zinatoka 50 kwa sekunde. 50 × 238 × 8 ni kbps 95.2. Tofali la 64 limekuwa 95.2.

Simu 30 ni kbps 2,856. Zikiwa ndani ya VLAN ni 2,904. Ongeza ishara za kupiga simu na nafasi ya kupumua, agiza Mbps 3.5 kwa sauti peke yake.

Ukibana kwa G.729, baiti 160 zinakuwa 20, pakiti ni 60, na simu moja ni kbps 39.2. Simu 30 ni Mbps 1.18. Akiba ni kubwa, lakini faksi haipiti kwenye G.729, na mashine ya kadi inayopiga simu kwa modemu haipiti pia. Hoteli na hospitali zenye vifaa hivyo ziviachie G.711, na faksi zitumie T.38 (njia ya kupitisha faksi kwenye IP) kama pande zote mbili zinaikubali. Mimi ningenunua megabiti na kuacha G.711 kwa wote, maana gharama ya sauti mbaya hulipwa kila siku na anayepokea simu mapokezi.

Kama E1 lazima ibaki E1

Kuna PABX au redio ambayo haiwezi kubadilishwa mwaka huu. Hapo E1 nzima huvishwa Ethaneti kwa kifaa cha SAToP. Kila milisekunde moja kifaa huchukua baiti 256, huongeza neno la udhibiti la baiti 4, UDP 8 na IP 20, pakiti inakuwa 288. 1,000 × (288 + 38) × 8 ni Mbps 2.608, mfululizo, usiku na mchana, hata kama hakuna anayepiga simu.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni saa. Ethaneti ya kawaida haibebi mapigo ya saa ya E1. Kila upande ukijiendeshea saa yake, tofauti ya sehemu moja tu katika milioni inaruka au kurudia fremu nzima kila sekunde 125. E1 inaruhusiwa kuachana na kipimo kwa sehemu 50 katika milioni, na tofauti ya kiasi hicho inaruka fremu kila sekunde 2.5. Mtu anayeongea husikia mlio mdogo tu, lakini faksi na modemu hukata. Weka upande mmoja, ule wenye mtandao wa simu, kuwa chanzo cha saa. Upande wa pili ujifunze saa kutoka kwenye pakiti zinazofika. PABX ya huko ifuate saa ya laini, si ya ndani.

Laini kubwa

STM-1 haiingii kwenye porti ya Mbps 100. Porti iwe ya gigabiti, huduma iwe Mbps 155, na kwa pakiti kubwa itatosha kwa nafasi ndogo. STM-4 yenye Mbps 599.04 za kazi na porti ya gigabiti hazina ugomvi. STM-16 imezidi porti ya gigabiti moja, hata mbili zikiunganishwa, inahitaji 10 Gbps au gigabiti tatu zilizounganishwa. STM-64 na Ethaneti ya 10 Gbps zimekaribiana lakini hazilingani, na ndiyo maana kuliwahi kutengenezwa aina maalumu ya 10 Gbps inayoingia ndani ya STM-64, yenye kasi ya takriban Gbps 9.29.

Ukisoma kwamba waya wa Mbps 100 unapigwa bodi milioni 125, usishtuke. Ile robo ya ziada ni ya kusimba ishara, na Ethaneti imekwisha kuitoa kabla ya kujitangaza. 100 yako ni 100.

Maswali ya kumuuliza mtoa huduma, kwa maandishi

Kasi hiyo inapimwa wapi: kwenye pakiti ya IP, kwenye fremu, au kwenye waya pamoja na utangulizi na pengo? Kwa mafaili tofauti haifiki asilimia 3. Kwa sauti ni 200 dhidi ya 238, karibu asilimia 16.

Kasi imehakikishwa au ni ya kugawana? E1 ilikuwa yako peke yako. Mbps 20 ya kugawana jioni inaweza kushindwa kazi ambayo E1 iliifanya bila kutetereka.

Je, kwenda na kurudi ni sawa? Pakiti ya IP ya baiti 1,500 inapita nzima? Kama huduma ni ya PPPoE (PPP ndani ya Ethaneti) jibu litakuwa 1,492, na ruta yako ipunguze MSS ya TCP (mzigo mkubwa kabisa wa pakiti moja) hadi 1,452. Usipofanya hivyo, pingi itakubali, barua fupi zitapita, lakini kurasa kubwa na VPN vitaganda.

Kufunga

Tundu la E1 na tundu la Ethaneti mara nyingi zinafanana kwa macho, zote ni RJ45. E1 hutumia pini 1 na 2 kupokea, 4 na 5 kutuma, kwa omu 120. Ethaneti ya Mbps 100 hutumia 1, 2, 3 na 6. Ukichomeka kebo ya E1 kwenye swichi hakuna taa itakayowaka, na hilo si tatizo la swichi. Kabla ya kukata chochote, weka lebo nyekundu kwenye kila kebo ya E1. Wakati wa kuhama watu wengi hushika kabati moja, na kebo isiyo na jina ndiyo huchomolewa kwanza.

Kebo ya shaba ya Ethaneti isizidi mita 100 kutoka porti hadi porti. Kati ya majengo mawili, hata kama ni mita 40, tumia faiba isiyo na chuma ndani. Nchi ya chini ya Meru na Kilimanjaro hupigwa radi kwelikweli wakati wa masika na vuli, na waya wa shaba unaounganisha majengo yenye ethi tofauti hupeleka radi moja kwa moja kwenye porti za ruta. SFP mbili za LX (vichomekwa vya faiba) na nyuzi mbili za singomodi vinagharimu kidogo kuliko kununua ruta upya.

Porti zote mbili ziwe zinajipanga zenyewe, au zote zimefungwa kwa Mbps 100, kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Ukifunga upande mmoja tu, mwingine unashindwa kujua na kuangukia njia ya zamu, yaani kutuma na kupokea kwa kupokezana. Dalili ni hizi: pingi nzuri, lakini faili likianza kwenda kasi inaporomoka. Upande wa zamu unaonyesha migongano ya kuchelewa, upande wa pili makosa ya CRC. Vigeuzi vya zamani vya E1 kwenda Ethaneti vina ugonjwa huu sana.

Kisha foleni. Porti ya E1 ilikuwa polepole, kwa hiyo pakiti zilijipanga ndani ya ruta yako na wewe uliamua sauti itangulie. Sasa porti ni ya gigabiti na huduma ni Mbps 5. Ruta inarusha pakiti kwa mkupuo, kila moja ndani ya mikrosekunde 12, na kifaa cha mtoa huduma kinatupa zinazozidi bila kuuliza ipi ni sauti. Lazima uwashe foleni kwenye ruta yako kwa makusudi: kikomo kiwe chini ya kasi uliyonunua, sauti mbele, mafaili nyuma. Kama ruta inahesabu pakiti ya IP pekee na mtoa huduma anahesabu hadi pengo, weka kikomo asilimia 84 kwa laini ya sauti tupu, 90 kwa mchanganyiko, 95 kwa mafaili.

Jambo la umeme lisisahaulike. Simu ya kawaida ilipata umeme kutoka kwa mtambo wa kampuni ya simu, ikafanya kazi hata giza likiingia. Kifaa cha faiba, ruta na swichi vinategemea soketi yako. Jumlisha wati zake. Vikiwa 40, betri ya volti 12 na Ah 100, ukiitumia nusu tu ili idumu, itavishikilia kama saa 12 baada ya kutoa upotevu wa inveta.

Kupima kabla ya kukubali

Weka kompyuta kila upande, zote kwa waya, na programu ya kupima iitwayo iperf3. Upande wa mbali andika iperf3 -s. Upande wako, kwa kuiga simu 30:

iperf3 -c 10.0.0.2 -u -l 172 -b 2064k -t 600

Anwani ibadilishe. 172 ni sauti baiti 160 na RTP 12, na 2,064 kbps ni pakiti 1,500 kwa sekunde. iperf3 haihesabu vichwa vya UDP, IP wala Ethaneti, kwa hiyo usione 2,064 ukadhani umepima kidogo: kwenye waya ni 2,856. Rudia ukiongeza -R mwishoni ili kupima upande wa kurudi. Upotevu ukizidi asilimia 0.1, rudi kwenye foleni na makosa ya porti kabla ya kumlaumu mtu.

Kisha pima mafaili bila -u. Kwa huduma ya Mbps 10 inayopimwa kwenye waya, TCP nzuri itaonyesha karibu 9.4. Ikionyesha 9.4 usilalamike, hiyo ndiyo kumi. Pima na ukubwa wa pakiti: kwenye Windows ni ping -f -l 1472, kwenye Linux ni ping -M do -s 1472. 1,472 na vichwa 28 ni 1,500.

Angalia pia muda. Pakiti ya baiti 1,500 ilichukua kama milisekunde 6 kutoka tu kwenye porti ya E1, na kwenye Mbps 100 ni 0.12. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo Arusha na Moshi, kilomita kama 80, ni milisekunde 0.4 kwenda na 0.4 kurudi. Ukipata milisekunde 20 kati ya miji hii miwili, huenda pakiti zako zinazungushwa hadi Dar es Salaam au mbali zaidi kisha zinarudi. Dai njia iliyonyooka.

Acha E1 ikiwa hai sambamba na laini mpya hadi mwisho wa mwezi mmoja upite, kwa sababu siku za mishahara na za kufunga hesabu ndizo zinazojaza laini. Siku ya kuizima, andika namba nne kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati: kasi iliyonunuliwa na inapopimwa, kikomo cha foleni ya ruta, ukubwa wa pakiti unaopita, na matokeo ya iperf3 ya kwenda na kurudi pamoja na tarehe yake. Fundi atakayeitwa usiku ataanzia hapo.